Mayai ya artemia hayatotoi? Mwongozo kamili kuanzia chupa mpaka mdomoni kwa samaki

Swali ni lile lile kila mara: nimenunua mayai ya artemia, nimeweka kwenye maji ya chumvi, nimengoja siku mbili, maji yamekuwa kahawia afu yananuka, hamna kilichotoka, mayai ni feki au? (Artemia ni vijidudu vya maji ya chumvi, jamii ya uduvi, tunaviangua kulisha vifaranga, yaani samaki wachanga.) Mara nyingi mayai hayana shida kabisa. Yai la artemia likiwa kavu linakaa miaka, ila likishaingia kwenye maji linataka vitu vinne kwa pamoja: chumvi ya kiasi, joto, hewa na mwanga. Kimoja kikipungua halitotoi, au linatotoa kidogo sana.

Afu kuna wengine wanaangua vizuri tu, wanakuja kuharibu kwenye kuvuna, wanawamwagia samaki maganda, vifaranga vinakufa na lawama inaenda kwenye mayai. Kwa hiyo hapa tunakwenda hatua kwa hatua, na kila hatua nimeandika utajuaje kwamba umepatia, maana ukijua ulipokwama huna haja ya kuanza kubahatisha upya.

## Vitu vya kuandaa kabla hujafungua kopo

- Mayai ya artemia. Mengi yanayouzwa yanatoka Great Salt Lake, kule Utah, Marekani. Nunua kopo lililoandikwa asilimia ya kutotoa, 80 kwenda juu. Yale ya kupimiwa kwenye vimfuko yanaweza kuwa mazuri, ila ukikuta yameshikana mabonge ujue yameshaingia unyevu, achana nayo.
- Chumvi, ya mawe au ya kawaida ya jikoni. Ya madini joto nayo inafaa, usihangaike.
- Bekingi soda kidogo. Soma pakiti vizuri, sio bekingi pauda. Pauda ina asidi ndani yake na sisi tunataka kinyume cha asidi.
- Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, ile ya maji au soda, pamoja na kifuniko chake.
- Pampu ndogo ya hewa na mpira wake. Jiwe la hewa usinunue, ntaeleza kwa nini.
- Taa, balbu yoyote ya kawaida, hata ya LED.
- Kipimajoto cha tangi la samaki.
- Leso ya pamba iliyofumwa karibu karibu, au karatasi ya kuchujia kahawa. Chujio la chai halifai, artemia wachanga ni kama nusu milimita tu, wanapita wote.
- Bomba la sindano bila sindano yenyewe, na tochi ya simu.

Angalizo moja kabla ya kulipa. Kuna mayai yanauzwa yakiwa yameshatolewa maganda na kukaushwa, rangi yake ni ya chungwa. Hayo ni chakula cha kumwaga moja kwa moja, hayatotoi hata ukiyaombea. Ya kuangua ni ya kahawia, na kuna watu wamehangaika wiki nzima na kopo la yale ya chungwa bila kujua.

## Hatua ya 1: Tengeneza chupa

Kata kitako cha chupa, funga kifuniko kwa nguvu, igeuze kichwa chini. Kile kitako ulichokata kinaweza kuwa stendi yake, au isimamishe kwenye jagi. Ingiza mpira wa hewa kutokea juu mpaka ufike kabisa shingoni, karibu na kifuniko. Mpira ukiwa mlaini unajikunja na kupanda juu, kwa hiyo ufunge kwenye kijiti kirefu kisafi au tumia mrija mgumu.

Kwa nini kichwa chini? Chombo chenye kitako bapa kina kona, na mayai yanajikusanya kwenye kona ambako hewa haifiki. Shingo ya chupa inayateremsha yote pale pale hewa inapotokea, yakifika tu yanarushwa juu tena.

Pampu iweke juu kuliko usawa wa maji. Umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kwa kupitia mpira mpaka ndani ya pampu, na ukirudi hapo una pampu iliyoungua au hatari ya shoti.

Utaona hivi: jaza maji matupu, washa pampu, mapovu yatoke chini kabisa na chupa isivuje kwenye kifuniko. Ikivuja hata tone, badilisha kifuniko sasa hivi, usingoje mpaka uweke mayai.

## Hatua ya 2: Maji na chumvi

Kipimo ni gramu 25 za chumvi kwa lita moja ya maji. Vijiko vya nyumbani havilingani, kwa hiyo kama huna mizani fanya hivi: chukua dumu la lita 20, mimina pakiti moja ya chumvi ya nusu kilo, jaza maji, tikisa mpaka iyeyuke. Hapo una gramu 25 kwa lita kamili bila kupima chochote, na dumu hilo unalifunga na kulitumia kila unapoangua. Dumu la lita 10 weka robo kilo.

Maji ya bomba yaache wazi usiku mzima ili klorini itoke. Kila ukichota lita moja ya kuangulia, weka robo kijiko cha chai cha bekingi soda, maana yai linatotoa vizuri zaidi maji yakiwa na pH (kipimo cha asidi) ya 8 au zaidi kidogo, na maji ya sehemu nyingi, hasa ya mvua, yako chini ya hapo.

Walioko Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, nyie mna bahati. Chukua maji ya bahari, mbali na mitaro na midomo ya mito, chuja kwa kitambaa, afu changanya vikombe vitatu vya bahari na kimoja cha maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Bahari ni kama gramu 35 kwa lita, ukichanganya hivo unatua karibu kabisa na 25.

Sa hapa ndipo watu wanapenda kuongeza. Wanasema kama ni mnyama wa chumvi basi chumvi ikizidi ndio atafurahi. Ni kweli artemia mkubwa anaishi kwenye chumvi kali, hata kule Gongoni, Kilifi, wako kwenye mabwawa ya kutengenezea chumvi. Lakini yai ni habari nyingine. Ili lipasuke linanyonya maji na kutengeneza glaiseroli, kemikali inayovuta maji, ndani yake mpaka ganda lishindwe kuvumilia, na chumvi ikiwa kali kazi hiyo inakuwa kubwa zaidi, inakula muda na inakula akiba ya chakula ambayo mtoto alitakiwa atoke nayo. Yakitotoa yanatotoa kwa kuchelewa na wanaotoka ni dhaifu.

Utaona hivi: maji yamekuwa meupe safi, hamna punje ya chumvi chini.

## Hatua ya 3: Joto

Lengo ni nyuzi 26 hadi 28 za Selsiasi. Hapo unangoja kama saa 24 tu. Likishuka chini ya 25 kila kitu kinasinzia, na kwenye 20 unaweza kungoja siku mbili tatu na bado upate nusu. Likipanda kupita 33 yai linasimama kabisa.

Pwani kwa kawaida huhitaji kitu, ila usiweke chupa dirishani jua linapopiga, chupa ndogo inachemka haraka kuliko unavyodhani na mchana wa mwezi wa pili Dar hiyo 33 inavukwa kirahisi. Walioko Nairobi, Arusha, Mbeya, Nakuru, na ndugu zetu walioko Ulaya na Kanada, shida yenu ni usiku. Mchana unaona chumba kina joto, unalala, saa tisa usiku kipimajoto kinasoma 17 na we hujui. Weka ndoo ya maji ya kawaida, ndani yake hita ya tangi la samaki iliyosetiwa 28, afu simamisha chupa katikati ya ndoo, maji ya ndoo yafike karibu na usawa wa maji ya chupa. Hita izame kama maelekezo yake yanavyosema, na chomoa kwenye umeme kabla hujatia mkono.

Kama huna hita, balbu ya kizamani ile inayotoa joto, ikae karibu na chupa, inasaidia, lakini pima. Kwa kweli ukiniuliza kifaa kimoja ambacho watu wanakiona cha anasa na ndicho kinachowaangusha, ni kipimajoto.

Utaona hivi: joto linasoma 26 mpaka 28 jioni NA alfajiri. Kama hujasoma alfajiri bado hujapima.

## Hatua ya 4: Mayai

Lita moja, weka robo kijiko cha chai, kisilundikwe. Inaonekana kidogo sana na mkono unataka kuongeza, usiongeze. Gramu moja ina mayai zaidi ya laki mbili, na hao wote wakitoka wanagombania oksijeni ya chupa moja. Gramu mbili kwa lita ndio mwisho kwa vifaa vya nyumbani.

Kabla ya kuyaweka chupani yaloweke kwenye kikombe cha maji baridi yasiyo na chumvi kwa saa moja. Yai kavu limebonyea upande mmoja na linaelea, likilowa linajaa, linakuwa duara na kuanza kuzama. Hatua hii sio lazima, ila inapunguza sana yale yanayoganda kwenye kuta za chupa juu ya maji na kukaa huko mpaka mwisho bila kulowana.

Baada ya saa moja chupani rudi uangalie. Yaliyopanda ukutani yateremshe kwa kuyamwagia maji yale yale ya chupa kwa bomba la sindano.

## Hatua ya 5: Hewa na mwanga

Hewa iwe ya nguvu, mayai yote yazunguke muda wote, hata moja lisitulie shingoni. Jiwe la hewa linatoa vipovu vidogo vidogo, vinabeba mayai mpaka juu, vinatengeneza povu, na mayai yanakauka humo. Mpira mtupu unatoa mapovu makubwa yanayosukuma maji, ndio tunachotaka.

Mwanga wengi wanausahau kabisa, wanaficha chupa kabatini kama wanaatamia mayai ya kuku. Yai la artemia likishalowa linahitaji mwanga ndio lianze safari, hasa zile saa za mwanzo. Weka taa karibu, sentimita 20 hivi, iache iwake mpaka siku ya pili. Kuzima usiku ili kuokoa umeme ni kujiibia, taa ya LED haili chochote cha maana.

Utaona hivi: chupa nzima ni rangi moja ya kahawia inayozunguka, juu hamna povu nene, chini hamna kilichotulia.

## Hatua ya 6: Ngoja, ila usilale

Zikipita saa 12 hadi 15 tangu uweke mayai, chota maji kidogo kwa glasi nyeupe na upige tochi. Utaona baadhi ya mayai yamepasuka na kitone cha rangi ya chungwa kinaning'inia chini ya ganda. Hiyo ni dalili njema, mtoto bado yuko ndani ya utando wake.

Zikipita saa 20 hadi 24, chota tena. Sasa tazama kwa makini ukiweka tochi upande mmoja wa glasi: vitone vya chungwa havizunguki na maji tu, vinakwenda vyenyewe kwa kurukaruka, ruka, tulia kidogo, ruka, na baada ya dakika moja mbili vimesogea upande wa mwanga. Ganda tupu halifanyi hivo, linaelea popote maji yanapolipeleka. Na chupa kwa ujumla imetoka kahawia ya udongo imeingia kwenye chungwa.

Wengi wakishutuka kwamba wametoka wanasema niache kesho wakue kidogo. Hapana. Artemia anayetoka hana mdomo wa kulia, anaishi kwa akiba ya kiini cha yai, na ile akiba ndio chakula unachompa samaki wako. Joto likiwa 28, kama saa 8 baada ya kutoka anajivua ngozi, akiba imeanza kuisha, amekuwa mkubwa zaidi, ana mbio zaidi, na kifaranga chako kinamkimbiza kwa faida ndogo. Vuna mapema. Saa 36 ndio nasema basi, hata kama kuna mayai yamebaki.

## Hatua ya 7: Kuvuna, taratibu kabisa

Hapa ndipo vifaranga vinapouliwa kwa hiyo nakuomba usome yote kabla ya kuzima pampu.

Ganda la artemia halimeng'enywi. Kifaranga kikimeza linaweza kuziba utumbo, na yanayobaki yanachafua tangi na kuganda kwenye kioo. Kwa hiyo kazi yote ya kuvuna ni kutenganisha.

Zima pampu, toa mpira wa hewa. Zima taa. Funika sehemu ya juu ya chupa kwa kitambaa cheusi au gazeti, afu weka tochi ya simu ielekee shingoni, chini. Artemia wachanga wanafuata mwanga, maganda matupu yanaelea. Acha dakika 10, usipitishe 15, maana hewa imezimwa na chini kule wamebanana maelfu kwa maelfu.

Utaona hivi: matabaka matatu. Juu mkeka wa maganda ya kahawia, katikati maji, chini wingu zito la chungwa. Chini kabisa ya hilo wingu, juu ya kifuniko, kuna kamstari keusi kidogo, hayo ni mayai ambayo hayakutotoa, yamezama.

Sasa chukua mpira safi, uvutie maji kwa bomba la sindano mpaka yaanze kushuka yenyewe. Ncha iwe chini kwenye shingo. Yale ya mwanzo kabisa yenye mayai ya chini yamwage pembeni, afu elekeza kwenye leso iliyotandazwa juu ya bakuli. Angalia chupa, sio leso. Ule mkeka wa juu unashuka pamoja na maji, ukibakiza vidole viwili kufika kwenye ncha ya mpira, kata. Usione huruma na wale wachache waliobaki.

Ukiona bado yameingia maganda mengi, rudisha uvunaji kwenye glasi ya maji ya chumvi, tochi tena kwa chini pembeni, dakika tano, vuta tena. Mara ya pili wanakuwa safi kabisa.

Kuna njia ya kuyayeyusha maganda kwa jiki kabla ya kuangua. Inafanya kazi, ila ni dawa kali na ukichelewa dakika chache unaua mayai yote, kwa hiyo kama bado hujaweza kupata chupa ya chungwa kwa njia hii ya kawaida, usianzie huko.

## Hatua ya 8: Osha, lisha

Mwagia maji baridi ya kawaida juu ya leso kwa taratibu, chumvi itoke. Geuza leso kwenye kikombe cha maji ya tangi, tikisa, wanateremka. Vuta kwa bomba la sindano na wamwagie samaki pale vifaranga vilipo.

Kidogo kidogo, mara tatu nne kwa siku kwa vifaranga. Dakika tano baadae tazama matumbo, kifaranga kilichokula kina tumbo la duara la chungwa linaloonekana mpaka nje. Vyote vikiwa hivo acha kumwaga. Kwenye maji yasiyo na chumvi artemia wanaishi saa chache tu, wanaobaki wanakufa, wanaoza, amonia (sumu ya uozo) inapanda, na tangi dogo la vifaranga halina uwezo wa kuvumilia.

Kwa samaki wa mapambo, vifaranga vya gapi na moli vinakula siku ile ile ya kuzaliwa. Vya anjelfishi anza vikishaanza kuogelea vyenyewe, sio bado vimeganda kwenye jani. Vya beta baadhi ni vidogo mno siku za kwanza, vipe vijidudu vya maji ya kijani kwanza afu uingize artemia vikiweza kummeza. Wanaofuga kambare, na najua wengi mnasoma kutoka Uganda na Kenya, artemia ni chakula kizuri mno cha mwanzo kwa vifaranga vikishamaliza kifuko cha kiini, kwenye siku ya tatu hivi, ila kwa idadi yenu chupa moja haitoshi, pangeni chupa kadhaa mkipishanisha saa.

Waliobaki waweke kwenye maji ya chumvi mapya, kwenye sahani pana yenye maji ya kina kifupi, ndani ya friji. Baridi inawapunguzia mwendo na akiba yao inadumu zaidi. Tumia ndani ya siku moja.

## Umeme ukikatika

Pampu za USB zinazokubali pawabanki sasa zinapatikana na hiyo ndio suluhisho langu la kwanza. Kama huna, usiweke mayai chupani siku ambazo umeme hautabiriki. Tumia sahani: maji yale yale ya chumvi, kina cha sentimita mbili tu, nyunyiza mayai kidogo mno yasifunike hata robo ya uso wa maji, weka penye mwanga na joto. Maji mafupi yanapata hewa yenyewe kwa juu. Inachukua saa 36 hadi 48 na unapata wachache, ila kwa tangi moja la vifaranga inatosha.

Sahani hiyo hiyo ndio kipimo cha kujua kama kweli mayai ni mabovu. Weka punje chache, joto 28, mwanga usizimwe. Baada ya saa 48 ukiona wengi wanaruka, kopo lako ni zima na shida iko chupani kwako, rudi hatua ya 3 na ya 5 kwanza kwa sababu huko ndiko kwenye makosa mengi. Ukiona wawili watatu tu, hapo una haki ya kurudisha kopo dukani.

Kopo zima lifunge kabisa, weka friji, ndani ya chombo kingine kisichopitisha hewa. Kila ukilitoa liache lifikie joto la chumba kabla ya kufungua, vinginevyo unyevu wa hewa unaganda ndani juu ya mayai. Usichote kwa kijiko chenye maji. Na chupa ukimaliza, isugue kwa maji ya moto peke yake bila sabuni, anika ikauke kabisa kabla ya mzunguko unaofuata.